Kumsikia mmoja kati ya 90: kisa cha kusoma kutoka Muheza

Kisa hiki ni cha Darasa la Pili katika shule moja ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Watoto wanakaribia 90, chumba ni kimoja na mwalimu ni mmoja. Jina la shule na la mwalimu nayaacha, kwa sababu yaliyotokea pale yapo katika shule nyingi za mkoa huu na sitaki mtu anyooshewe kidole. Mwalimu mwenyewe tunafahamiana kwenye vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na ni yeye aliyeniruhusu niandike ili wenzetu wa madarasa ya chini wapate cha kujadili.

Tatizo lilikuwa hivi. Darasa lake lilikuwa linasoma vizuri. Akiandika sentensi ubaoni na kuigusa kwa fimbo, watoto wote wanapokea kwa sauti moja mpaka mabati yanaitika. Mkaguzi akija anasikia, anafurahi, anaandika. Lakini ukitoka mtihani wa kuandika, karibu theluthi ya darasa wanaacha wazi maswali ya ufahamu, au wananakili maneno ya swali lenyewe kwenye nafasi ya jibu. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa ofisini ni yale yale: utoro, wazazi wasiofuatilia, darasa kujaa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomwambia mwalimu kesho asubuhi aanzie wapi.

Hebu tupige hesabu. Kipindi cha darasa la chini ni dakika 30. Gawa kwa watoto 90, kila mmoja anapata sekunde 20, na hapo mwalimu hajaita mahudhurio, hajaandika ubaoni wala hajaamua ugomvi wa penseli. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jema lisilo na mjadala. Ila sekunde hazikuongezeka. Kwa hiyo mwalimu anafanya linalowezekana: anawasomesha wote kwa pamoja. Na kusoma kwa pamoja kunamficha asiyejua. Anachelewa nusu ya silabi nyuma ya mwenzake, anapata neno kutoka mdomoni mwa jirani, na mdomo wake unakwenda sawasawa na wa wengine.

Shuleni pale palikuwa na kishikwambi. Ni katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye vilipelekwa kwa walimu. Kazi yake kubwa ilikuwa kujazia taarifa za shule, na mara moja moja mwalimu alifungulia kitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ikiwa bando lipo.

Sisi watu wa Tanga hatuwezi kuzungumzia kishikwambi na kusoma bila kukumbuka majaribio ya Global Learning XPRIZE. Shindano hilo, la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma mwenyewe, lilitangazwa mwaka 2014, na timu tano zilizofika fainali zikaletewa uwanja wa majaribio katika mkoa wetu kuanzia mwishoni mwa 2017. Kwa miezi 15, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walikaa na vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vilivyotolewa na Google, vikichajiwa kwa umeme wa jua hukohuko kijijini. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu walishirikiana kuyaendesha. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukanyaga shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi kwa pamoja, kila mmoja akachukua dola milioni 5, na programu zote tano zikaachwa wazi kwa yeyote atakaye kuzitumia.

Matokeo hayo nayaheshimu sana. Mtoto asiye na mwalimu, asiye na kitabu, akaweza kusoma neno, si jambo dogo. Lakini katika vikao vyetu nimekuwa nikisikia watu wakiyachukua kama yalivyo na kuyabandika darasani: tuleteeni vishikwambi, watoto watasoma. Majaribio yale yalimlenga mtoto asiye na mwalimu, kila mtoto akiwa na kifaa chake mkononi. Muheza pale mwalimu yupo, tena mzuri, na kifaa ni kimoja kwa watoto 90. Ukikigawa, kila mtoto anakigusa kwa sekunde zile zile 20. Kwa darasa la namna hii swali la kuuliza ni jingine: kifaa kimoja kinaweza kumpa mwalimu nini ambacho hana?

Jibu la mwalimu huyu lilikuwa: masikio. Alitaka kumsikia kila mtoto akisoma peke yake, na kinasa sauti kilikuwa tayari ndani ya kishikwambi. Hakihitaji bando. Dakika moja ya sauti inachukua takriban megabaiti moja, kwa hiyo darasa zima halijazi hata sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kifaa.

Utaratibu alioujenga ulikuwa wa kawaida kabisa. Aliandika kifungu kipya cha sentensi sita kwa mkono, herufi kubwa, bila picha. Wakati darasa linaandika kwenye madaftari, mtoto mmoja mmoja anatoka na kwenda stoo ya vitabu, iliyo mlango wa pili. Humo amekaa msichana wa Darasa la Sita, mtulivu, aliyefundishwa kubonyeza kitufe chekundu na kuhesabu dakika. Mtoto anataja namba yake ya kwenye daftari la mahudhurio, si jina, kisha anasoma. Dakika ikiisha anarudi, anamgusa bega anayefuata.

Raundi ya kwanza iliharibika karibu yote, na kuharibika kwake kulifundisha. Kwanza walijaribu chini ya mwembe, upepo ukavuma kwenye kinasa sauti mpaka huisikii silabi. Ndipo wakahamia stoo. Pili, watoto walidhani ni mtihani, wakasoma kwa kunong'ona. Tatu, yule msichana wa Darasa la Sita ana huruma. Mtoto akikwama, unasikia kwenye rekodi sauti ndogo ya pembeni ikimwambia "a-me-kwe-nda," na mtoto anarudia kwa furaha kubwa. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia, "Mdogo wako akikwama, mwache akwame. Mimi nataka nisikie anakwamia wapi." Raundi ya pili ikawa safi.

Kusikiliza ndiko kulikokuwa na kazi. Watoto 90 ni dakika 90, na mwalimu huyu ana watoto wake na chakula cha jioni cha kupika. Alichofanya ni kugawa darasa kwa safu za madawati, safu moja kwa siku, akamaliza mzunguko kwa wiki mbili. Alikaa na nakala ya kifungu mbele yake: neno lililorukwa analikata, lililosomwa vibaya analizungushia, na aliposimama mtoto dakika ilipoisha anachora mstari. Mwisho wa safu anajua kila mtoto amesoma maneno mangapi sawasawa kwa dakika na, lililo muhimu kuliko hesabu hiyo, amekosea namna gani.

Hapa ndipo darasa moja lilipogeuka kuwa makundi.

Kundi la kwanza walikuwa hawasomi. Walikuwa wamekariri. Kitabu chao kina ukurasa wenye picha ya mama jikoni na sentensi inayosema mama anapika wali. Mwalimu kwenye kifungu chake aliandika: "Mama hapiki wali leo. Amekwenda shambani." Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, mwenye sauti kubwa, ambaye siku zote ndiye anayeongoza wenzake kusoma ubaoni, anasikika kwenye rekodi akisoma bila kusita: "Mama anapika wali jikoni." Kisha kimya. Kisha anarudia tena, kwa nguvu zaidi. Mwalimu anasema alisimamisha rekodi hiyo na kuirudisha mara kadhaa kwa kuwa hakuamini. Mtoto huyo alikuwa kwenye orodha yake ya wanaojua.

Kundi la pili walizijua silabi za kawaida, ba, be, bi, bo, bu, na kuzisoma vizuri, lakini konsonanti zikifuatana wanapasua. "Mbuzi" inakuwa "mu-bu-zi." "Nyanya" inakuwa "na-ya-na-ya." "Ng'ombe" wanaitoa kama "ngo" ya "ngoma," kana kwamba ile alama ya juu haipo. Watoto wa Muheza wengi wanakuja shuleni na Kiswahili mdomoni, hata wale ambao nyumbani kuna Kibondei au Kisambaa, kwa hiyo maneno hayo wanayasema kila siku. Walichokosa ni kuona kwamba maandishi yale ni neno lile lile wanalolisema.

Kundi la tatu ndilo lililokuwa kubwa, na nadhani ndilo linalosahaulika zaidi katika shule zetu. Hawa wanasoma kila silabi sawasawa. A. Na. Po. Kwe. Nda. Wakifika mwisho, mwanzo umeshapotea. Lugha yetu inaandikwa kwa namna rahisi, herufi na sauti vinakwenda pamoja, na hilo humsaidia sana anayeanza. Lakini maneno yetu ni marefu. "Hawakumwona" ni sentensi nzima katika neno moja. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi, polepole, anaibeba kichwani kila moja akisubiri inayofuata, na anapofika kwenye "na" ya mwisho hana tena "ha" ya mwanzo, ambayo ndiyo iliyobeba kwamba hawakumwona. Huyu ukimpa swali la ufahamu atakosa, na mwalimu ataandika kwamba haelewi. Kuelewa anaelewa. Mbio za kusoma ndizo ambazo bado hana.

Kulikuwa na jingine ambalo mwalimu hakulitafuta. Msichana mmoja wa karibu na dirisha, ambaye tangu Darasa la Kwanza hafungui mdomo, alisoma kifungu chote stooni na dakika haijaisha. Alisoma kwa sauti ya chini, bila kosa, na kwenye "Amekwenda shambani" akashusha sauti mwishoni kama mtu anayejua sentensi imekwisha. Katika daftari la mwalimu alikuwa amewekwa na wasiojua. Miaka miwili karibu iishe mtoto yule amefundishwa silabi anazozijua, kwa sababu aliogopa kelele za wenzake na hakuna aliyempa mahali pa kimya. Nikiulizwa faida ya teknolojia darasani, nitamtaja huyu kwanza.

Baada ya hapo mafundisho yalibadilika, na kifaa kikaingia kwa namna tofauti kwa kila kundi. Kwa waliokariri hakikuhusika sana. Dawa yao ilikuwa kadi za maneno mapya zilizokatwa kwenye maboksi, sentensi zinazobadilishwa neno moja kila siku, na kufunika picha kwa mkono. Kwa wanaopasua konsonanti, mwalimu alirekodi sauti yake mwenyewe: "ba, mba, ba, mba, buzi, mbuzi," akiacha nafasi kati ya kila jozi ili mtoto aitikie. Walikaa kona ya darasa na spika ndogo aliyoiazima, sauti ikiwa chini, kila mtoto na kadi yake, akiinyanyua kadi sahihi anapoisikia.

Kwa kundi la tatu alitumia rekodi ya kifungu kizima, akikisoma kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida. Watoto wanaisikiliza huku kidole kikifuata maandishi, wanasoma pamoja nayo, kisha wanasoma bila hiyo. Kifungu hicho hicho, siku nne mfululizo. Nilimuuliza kama hawachoki kurudia. Akaniambia nikumbuke chuoni, yaani madrasa. Kweli, watoto wengi wa pwani yetu wanakwenda chuo jioni, na huko wanafuata juzuu kwa kidole, mkubwa akimsikiliza mdogo, aya hiyo hiyo mpaka ulimi ukae. Kurudia si adhabu kwao, wanakujua. Tofauti ni kwamba hapa maneno ni ya lugha yao, kwa hiyo mbio zikija, maana inakuja nazo siku hiyo hiyo.

Kuna kilichoshindikana pia. Mwalimu mwenzake alipakua katuni za nyimbo za herufi na kuziweka kwenye kifaa. Watoto wakazipenda mno, wakaziimba mpaka uwanjani, na usomaji haukusogea. Walikuwa wanajifunza wimbo, kwa pamoja, na tukarudi kwenye kufichana kule kule. Katuni zikaachwa kwa siku ya Ijumaa mwisho wa vipindi.

Umeme ulisumbua, uniti za LUKU zikiisha shuleni hakuna wa kununua hapo hapo, mwalimu akawa anachajia nyumbani. Na mwisho wa mwezi kishikwambi kilihitajika ofisini kwa takwimu za shule. Hili la mwisho lilikaribia kuua kazi yote. Kundi la tatu likikosa wiki nzima, linarudi nyuma waziwazi. Walikubaliana na Mkuu wa shule kwamba takwimu zijazwe mchana baada ya watoto kutoka, na kifaa asubuhi kikae darasani. Makubaliano hayo, ambayo hayakugharimu hata shilingi, nayahesabu kuwa na uzito kuliko programu yoyote.

Wazazi nao walikuwa na neno. Bibi mmoja alifika shuleni asubuhi na mapema, akamkuta mwalimu mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mjukuu wangu siku hizi anachezea simu huku. Mimi nimemleta asome."

Mwalimu alimkaribisha kitini, akamfungulia rekodi mbili za mjukuu wake, ya mwanzo na ya juzi yake. Ya kwanza mtoto anahesabu silabi. Ya pili anasoma sentensi tatu mfululizo, anakwama kwenye ya nne. Bibi alisikiliza zote, akaomba ile ya pili irudiwe, kisha akauliza, "Sasa hapo anapokwama, nyumbani mie nimsaidieje? Mie kusoma sijui." Mwalimu akamwambia amkalishe mtoto kila jioni, amwambie asome mara tatu kifungu hicho hicho, na yeye asikilize tu. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza kama mtoto leo amekwenda haraka kuliko jana. Sijawahi kuona ripoti ya muhula inayomweleza mzazi jambo kwa uwazi namna ile.

Kuhusu sauti zenyewe, niseme kwa msisitizo. Rekodi za watoto hazikutumwa kokote. Hazikuwekwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu, hata ile ya mvulana aliyekariri, ambayo kila mtu alitaka kuisikia. Wazazi waliambiwa kwenye kikao kabla ya kuanza, mzazi alisikilizishwa ya mtoto wake tu, na zilizopitwa na wakati zilifutwa. Kosa la mtoto wa miaka saba au minane likishasambaa, halirudi. Wenzangu wanaotaka kuiga kazi hii, naomba muige na hili.

Mwisho wa mwaka hali ilikuwaje? Waliosoma silabi kwa silabi ndio waliopiga hatua kubwa. Wengi wao sasa wanasoma sentensi kama sentensi. Waliopasua konsonanti walinyooka haraka, isipokuwa "ng'" ambayo bado inawapa taabu wakiiandika. Waliokariri wamechukua muda mrefu, kwa sababu ilibidi kwanza wakubali kwamba hawajui, na kwa yule mvulana kiongozi hilo lilikuwa gumu. Mwalimu hakumvua uongozi. Alimpa kazi ya kunyanyua kadi badala ya kutamka, akajifunza humo humo bila kuaibishwa. Mtoto mmoja aligundulika anashika karatasi karibu na pua, yule msichana wa stooni ndiye aliyeliona. Akahamishiwa dawati la mbele na mzazi wake akashauriwa ampeleke akapimwe macho. Na wapo ambao hawajasogea, hasa wale wanaopotea wiki kadhaa msimu wa machungwa. Kinasa sauti hakimsikii mtoto aliyeko shambani.

Nimeona watu wakitaka kupima kazi hii kwa kuuliza shule ina vifaa vingapi. Mimi ningeuliza mwalimu ameshawasikia watoto wangapi mwezi huu, mmoja mmoja. Halmashauri ikiwa na fedha kidogo, iwanunulie madarasa ya chini spika ndogo na kifaa cha pili cha kuchajia, na itoe maelekezo kwamba kishikwambi asubuhi ni cha darasa. Kikija kingine, kiende Darasa la Kwanza, kwa kuwa mengi ya makosa yale yalianzia huko.

Januari watoto walipanda Darasa la Tatu. Mwalimu wao mpya alikabidhiwa orodha yenye makundi yote, maneno kwa dakika, na maelezo mafupi mbele ya kila namba. Alikuwa na wasiwasi na kazi ya kusikiliza, akasema hawezi kurekodi wote. Wakakubaliana aanze na sita ambao bado wanasoma silabi kwa silabi, kila Jumanne, katika stoo ile ile ya vitabu.